New Orleans: Ngoma Ilirudi, Wenye Ngoma Je?

Februari 28, 2006, yapata miezi sita baada ya Kimbunga Katrina, New Orleans ilifanya kanivali yake ya Mardi Gras. Asilimia themanini ya jiji ilikuwa imezama. Mtaa wa Lower Ninth Ward ulikuwa bado vifusi, mitaa mingi haina umeme, na miili ilikuwa ingali inapatikana ndani ya nyumba zilizoporomoka. Zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa Houston, Atlanta, Baton Rouge na kwingineko, wakiishi kwa jamaa au katika vyumba vya kupanga vilivyolipiwa na serikali kuu. Hata hivyo magari yaliyopambwa yalipita barabara ya St. Charles na shanga zikarushwa kwa umati kama kawaida.

Kabla ya hapo ubishi ulikuwa mkali. Waliopinga, na wengi wao walikuwa wale wale waliokimbia maji, waliuliza furaha gani hii na matanga hayajaanuliwa. Waliokubali walisema jiji linaloishi kwa wageni haliwezi kufunga mlango wake mkubwa kuliko yote. Meya Ray Nagin aliyumba kidogo, kisha akaruhusu sherehe iliyofupishwa siku.

Mimi nasema walioruhusu walikuwa sahihi, ingawa si kwa sababu waliyoitoa. Hoja ya fedha ni nyepesi. Kwa hoja hiyo kila msiba unaweza kugeuzwa soko. Yenye uzito ni ile ya matanga yenyewe. Kwa Weusi wa New Orleans muziki haungoji huzuni iishe. Bendi ya matarumbeta husindikiza jeneza kwa nyimbo za polepole, na marehemu akishaagwa ngoma hubadilika, miavuli ikafunguliwa, watu wakacheza hadi nyumbani. Oktoba 2005, mitaa ikiwa bado inanuka tope, mpishi mashuhuri Austin Leslie, aliyefariki ukimbizini Atlanta, alifanyiwa msafara wa namna hiyo, na Hot 8 Brass Band ndiyo iliyopiga. Aliyeona pale ulevi na kelele hakujua anachokitazama.

Nyuma ya matarumbeta hayo kuna taasisi. Msafara wa Jumapili, ambao wenyewe huuita mstari wa pili, huandaliwa na vyama vya kufa na kuzikana vyenye mizizi katika karne ya 19, enzi ambapo kampuni za bima hazikumtaka mteja mweusi. Mstari wa kwanza ni wanachama waliovalia sare za rangi moja pamoja na bendi yao. Wa pili ni yeyote anayejiunga nyuma na kucheza. Maji yalipowatawanya watu majimbo mbalimbali, vyama hivi vilikuwa miongoni mwa njia za kujua nani yuko hai na yuko wapi. Januari 2006 zaidi ya vyama thelathini viliandamana pamoja, na wanachama walitoka mbali kuja kwa siku moja tu. Kwao ule ulikuwa mkutano wa hadhara wa watu waliofukuzwa na maji, uliofanywa kwa miguu.

Kosa lilikuja baadaye. Wakubwa wa jiji na jimbo waliichukua sherehe iliyorudi kuwa ushahidi kwamba jiji limerudi. Aprili 2006 tamasha la jazi lilifanyika, Bruce Springsteen akapiga. Septemba mwaka huo uwanja wa Superdome, ambamo maelfu walikuwa wamekaa siku kadhaa bila maji wala choo, ulifunguliwa upya, na Saints, timu ya jiji ya mpira wa Kimarekani, ikaifunga Atlanta 23 kwa 3 huku taifa zima likitazama kwenye televisheni. Yote yalipendeza. Lakini uwanja ulikamilika mwaka mmoja baada ya gharika, na hospitali ya Charity, tegemeo la maskini kwa vizazi, haikufunguliwa tena kamwe. Walimu na wafanyakazi wa shule za umma waliachishwa kazi kwa maelfu. Desemba 2007 baraza la jiji lilipiga kura, bila hata moja ya kupinga, kubomoa nyumba za umma zipatazo 4,500, nyingi zikiwa za matofali zilizojengwa imara.

Tazama mpango wa fidia ulioitwa Road Home. Mwenye nyumba alilipwa kwa kufuata thamani ya nyumba kabla ya kimbunga au gharama ya kuijenga upya, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwenye karatasi inaonekana haki. Sasa chukua nyumba mbili za ukubwa mmoja, zilizozama kina kimoja, moja katika mtaa wa Weupe na nyingine katika mtaa wa Weusi. Saruji, mbao na fundi ni bei ile ile kwa wote wawili, ila nyumba ya pili soko lilikuwa limeidharau kwa miaka mingi, hivyo mwenyewe alipewa fungu lisilotosha hata paa. Kesi ilifunguliwa 2008 na ikamalizika kwa makubaliano mwaka 2011, wakati wengi walikwisha kata tamaa wakaanza maisha Texas. Sensa ya 2000 ilihesabu wakazi 484,674. Ya 2010 ilikuta 343,829. Weusi peke yao walipungua kwa zaidi ya laki moja.

Hao ndio waliokuwa wakipiga tuba, wakishona sare, wakikaanga kuku kando ya msafara, wakiwafundisha watoto hatua za kucheza barabarani.

Na wale waliofanikiwa kurudi walikuta jiji linawapenda kwenye mabango zaidi kuliko barabarani. Uwanja wa ndege unaitwa Louis Armstrong, na tarumbeta iko kwenye kila kijitabu cha watalii. Lakini msafara ule wa Januari 2006 ulipomalizika kwa risasi zilizojeruhi watu watatu, jiji lilipandisha ada ya ulinzi wa polisi kwa vyama zaidi ya maradufu, na vyama vikalazimika kwenda mahakamani hadi ada ikashushwa mwaka 2007. Oktoba mwaka huo huo, mtaani Tremé, polisi walivamia msafara wa kumwomboleza mpiga tuba Kerwin James na kuwakamata wanamuziki wawili kwa kuandamana bila kibali. Tremé ni miongoni mwa mitaa ya kale zaidi ya Weusi nchini Marekani. Watu wake walikuwa wakiombolezana hivyo muda mrefu kabla ya kibali chochote kubuniwa.

Ugomvi huu haukuletwa na kimbunga. Juni 2005, miezi miwili kabla ya maji, Allison “Tootie” Montana alisimama mbele ya baraza la jiji kulalamikia jinsi polisi walivyovitendea vikundi kama chake usiku wa Mtakatifu Yosefu. Montana alikuwa chifu wa kundi mojawapo la Weusi wanaojiita Wahindi wa Mardi Gras (kwa maana ya Wahindi Wekundu), ambao kila mwaka hushona kwa mkono vazi jipya la shanga na manyoya. Alianguka pale pale akizungumza, akafariki.

Nikiwa mkweli, upande wa jiji nao una hoja. Risasi zilikuwa za kweli, na polisi wa ziada wanalipwa na mtu. Jirani anayelala saa mbili usiku kwa sababu ana zamu alfajiri ana haki yake. Kuna pia wanaosema utamaduni haupaswi kunyonyeshwa na serikali, maana ukishapewa ruzuku hugeuka maonyesho ya hotelini. Hoja hii ya mwisho naiheshimu zaidi. Ila haijibu swali lililopo. Vyama vya mitaani havikuomba ruzuku. Viliomba visitozwe ada vinayoshindwa kuimudu, wakati polisi na wafagiaji wa siku ya Mardi Gras, ambayo vyama vyake vikubwa vingi ni vya wenye fedha, wanagharimiwa na jiji. Mizani hapo imeelemea upande mmoja, na si upande wa fukara.

Wapo walioshika kazi kwa mikono yao. Mapema 2006 shule tatu za Kikatoliki zenye wanafunzi wengi Weusi, ambazo kimbunga kilikuwa kimezitawanya, ziliungana kuwa moja kwa muhula na kutoa bendi moja, MAX, iliyoandamana kwenye Mardi Gras ile. Wanamuziki Harry Connick Jr. na Branford Marsalis walishirikiana na shirika la Habitat for Humanity kujenga kijiji cha wanamuziki katika Upper Ninth Ward, nyumba 72. Derrick Tabb, mmoja wa wale wawili waliokamatwa Tremé, alianzisha The Roots of Music, ambako watoto hupewa chombo, mwalimu, chakula na usafiri baada ya saa za shule. Kila nikisoma juu ya mradi huu nashangaa: mtu anatiwa pingu kwa kupiga ngoma msibani, halafu anawafundisha watoto wa jiji lile lile kupiga ngoma.

Sifa za namna hii lakini zina mtego, na waandishi tumeuchangia. Tukisema watu wa New Orleans ni wastahimilivu, tunampa mwanasiasa ruhusa ya kutowajengea chochote. Mtu anayeimba kwenye nyumba isiyo na paa bado anahitaji paa. Vilevile mtaa unaweza kuchangamka huku wenyeji wake wakiondoka: Tremé leo ina nyumba nyingi zinazokodishwa kwa wageni wa siku mbili tatu, wanaokuja kusikia muziki wa watu ambao kodi imewasukuma nje ya mtaa huo.

Ndiyo maana nadhani kipimo cha kurejea kwa jiji kama hili kitafutwe kwenye mkataba wa pango na hati ya mshahara, si kwenye idadi ya watalii. Mwaka 2019 Meya LaToya Cantrell aliibana serikali ya jimbo hadi jiji likapata fungu kubwa zaidi la kodi ya hoteli, ambayo kwa muda mrefu imelisha Superdome, ukumbi wa mikutano na matangazo ya utalii. Nyongeza ilielekezwa hasa kwenye miundombinu ya maji, na katika jiji ambalo sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari hakuna wa kulaumu hilo. Miaka miwili baadaye Uviko-19 ulifuta maandamano ya Mardi Gras, na wakazi wakapamba nyumba zao mithili ya magari ya kanivali. Chama kimoja kidogo, Krewe of Red Beans, kilichangisha fedha kwa watu wa kawaida na kuwaajiri mafundi wa kanivali waliokuwa hawana kazi, wachongaji na wachoraji, wapambe nyumba moja baada ya nyingine. Mshahara ulifika moja kwa moja kwa aliyeshika brashi. Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia senti kadhaa za kodi ya kila chumba cha hoteli zifuate njia hiyo hiyo, kila mwaka, zikalipie pia ulinzi wa misafara ya Jumapili.