GITAA SI BODABODA

(1)

Wenye maswali ya chanjo na tarehe za kliniki, ujumbe wenu nimeuona, nitajibu kesho nikitoka zamu. Leo tunagombana kuhusu gitaa.

Video mmeshaiona, imezunguka magrupu yote ya Newala na Masasi tangu Jumapili. Vijana wanne, magitaa manne, majaji watatu, shindano la kusindikiza msimu wa korosho. Kashinda yule ambaye vidole vyake huvioni. Sina neno naye, mikono anayo, Mungu amzidishie. Neno langu ni kwa jaji aliyeshika maiki kutueleza kwa nini wa pili amekuwa wa pili: eti "anajua, ila mzito". Na nyinyi huko chini mkajaza vimoto na makofi.

Haya, irudieni, ila safari hii msiangalie jukwaa, angalieni watu. Mshindi anapopiga, simu zote juu, miluzi, kelele. "Mzito" anapopiga, simu zinashuka. Yule mama wa mihogo pale pembeni anasimama na kijiko hewani, mihogo inaungua, hana habari. Hivi jaji alikuwa anaangalia wapi?

(2)

Alikuwa anaangalia vidole. Spidi ni rahisi kuihukumu, hata asiyesikia anaiona kwa macho. Huhitaji kujua wimbo unasema nini, wala muimbaji kaacha nafasi wapi ili gitaa limjibu. Na hakuna atakayekubishia, kwa sababu kila mtu kaona. Ukimpa ushindi anayeliza gitaa, lazima ujieleze mbele za watu kwa nini umempa, na kujieleza kuna lawama. Jaji kakimbia lawama, basi.

Sasa hiyo spidi hata simu yako inayo. Chukua video yoyote, bonyeza iende mara moja na nusu, tayari una bingwa. Kafanye na kinyume chake: punguza mpaka nusu, usikilize kilichobaki. Kama alikuwa anasema kitu, bado utakisikia akikisema, taratibu tu. Mimi kipimo changu ndo hicho, na kingine: jaribu kuiimba hiyo solo kwa mdomo, la la la, kama unavyoimba ukifua. Ya mshindi wetu nimejaribu mara tatu. Nimeambulia mtu anapanda ngazi, anashuka ngazi, anapanda tena. Ya yule wa pili naimba tangu Jumapili, mpaka wenzangu wodini wamenichoka.

(3)

"Nesi, baki na sindano zako." Kaandika kaka mmoja, kapata likes nyingi kuliko mimi. Sawa kaka yangu, ngoja nibaki nazo.

Kitu cha kwanza tunachofundishwa kushika ni mshipa wa mkononi. Wengi mnadhani tunahesabu tu. Tunahesabu, ndiyo, mtu mzima aliyetulia ni mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Lakini kidole kinauliza na mengine: yanakwenda sawasawa au yanarukaruka? Yamejaa au ni membamba kama uzi? Muuguzi anayeandika namba peke yake kafanya nusu ya kazi.

Na mapigo ya haraka si sifa. Mama kajifungua, anacheka na ndugu zake, namshika mkono nakuta 130, membamba. Sipigi makofi hapo, naita watu, maana huenda anavuja damu mahali ambapo hatujapaona. Moyo unajaa damu kati ya pigo na pigo. Ukienda mbio kupita kiasi haupati muda wa kujaa, unapiga sana na unatoa kidogo. Soma tena sentensi hiyo, halafu mfikirie mpiga gitaa.

Najua mtaniambia, mbona na nyie mna haraka mgonjwa akizidiwa? Tuna haraka, sana. Moyo wa mtu ukisimama tunamkandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, hakuna kuremba. Ila hapohapo tunafundishwa kukiacha kifua kinyanyuke chote kabla ya kukandamiza tena. Usipokiacha, unatoka jasho bure. Kwa hiyo msinisingizie kwamba nachukia spidi. Nachukia spidi isiyopumua.

(4)

Sasa twende kwenye muziki wenyewe, maana huko ndiko mlikonichokoza. "Mambo ya zamani hayo, dunia imebadilika." Ubishi huu wenyewe ni wa zamani, mdogo wangu! Kinshasa walibishana hivihivi: Franco wa OK Jazz, bendi iliyoanza 1956, au Docteur Nico wa African Jazz na baadaye African Fiesta? Nico vidole vilikuwa vyepesi, safi, kila noti imeoshwa. Franco alikuwa mtu wa kurudia. Anakamata kipande kifupi, anakizungusha, anakirudia, anakirudia, mpaka kiuno chako kinakubali kabla ya kichwa. Kwa vipimo vya majaji wetu Franco angeambiwa hana vitu vingi. Alikufa 1989 na mpaka leo hakuna baa ya hapa kwetu ambayo haimjui. Na Nico mwenyewe, mwenye vidole vyake vyepesi, akitaka kukuliza alikuwa anachukua gitaa la mtindo wa Hawaii, lile la kutelezesha, sauti inakuja polepole kama mtu anayemeza machozi. Alikuwa na spidi na alijua wakati wa kuiweka mfukoni.

Mtanitajia Diblo Dibala. Mtajeni, nampenda. Miaka ya 80 kule Paris, yeye na Kanda Bongo Man, walikata ule mwanzo wa taratibu wakaingia moja kwa moja kwenye sebene, watu wakamwita Machine Gun. Ila mpunguzeni spidi Diblo kama nilivyosema, mkute nini. Mnakuta wimbo, unaimbika na mtoto wa darasa la pili. Haraka yake imebeba mzigo. Vijana wetu wamechukua haraka, mzigo wameuacha Kisangani alikozaliwa.

Na nyumbani je? Mbaraka Mwinshehe. Huyu walimwita Soloist National, na hakulipata jina hilo kwa kukimbizana na mtu. Alikuwa anaimba na kupiga solo mwenyewe, kuanzia Morogoro Jazz mpaka Super Volcano, na ukimsikiliza utaona gitaa lake linafanya kazi ya mtu wa pili kwenye mazungumzo. Anaimba mstari, ananyamaza, gitaa linaitikia: enhe, halafu? Amekufa kwa ajali Mombasa Januari 1979, ana miaka 34. Weka "Shida" leo stendi ya Masasi, noti chache tu za mwanzo, uone wazee wanavyogeuka. Wamemtambua kwa sauti ya mkono wake, kama unavyomtambua ndugu yako akikohoa nje. Said Mabera wa Msondo vilevile, huhitaji mtangazaji akutajie.

Halafu kuna jambo majaji hawakuligusa kabisa. Muziki wetu wa dansi una gitaa zaidi ya moja. Sikinde, Msondo, bendi zote zile zilizorekodi RTD: solo, solo ya pili, rithim, besi, kila mmoja anapiga kidogo na kumwachia mwenzake mlango wazi. Akitokea mmoja wa kujaza kila nafasi, kawafungia wenzake nje. Sasa nyie mnamsimamisha kijana peke yake, bila muimbaji, bila besi, mnamwambia onesha uwezo. Ataonesha nini zaidi ya mbio?

Tena sisi watu wa uwanda huu hatuna haja ya kwenda Kinshasa kujifunza hili. Midimu ikitoka wakati wa jando, nani anamsifia mpiga ngoma kwa kupiga haraka? Anasifiwa akikata na mdimu akakata naye, palepale, vumbi bado liko juu. Ile sekunde ya kimya ndiyo wazee wanaitikia kwa kelele. Bibi zetu walikuwa wanajua kuhukumu kimya. Leo tumempa kazi hiyo mtu wa kuhesabu vidole.

(5)

Hii sehemu nimeomba ruhusa ya mwenyewe kabla ya kuandika, na amenikubalia.

Yule wa pili, "mzito", kaja Jumatano na kifundo cha mkono wa kushoto kimevimba, dole gumba halikunjiki bila kuuma. Kano zimechoka. Nilipomuuliza umebeba nini, akasema sijabeba kitu dada, nafanya mazoezi ya spidi. Siku tatu, saa sita kila siku, anafuatisha video ya mtu wa Ulaya, ile yenye kengele ya kuhesabu, kila ikizoeleka anaiongeza. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa galoni ya mafuta na waya za breki za baiskeli. Hili la sasa kalinunua kwa kuokota korosho za watu misimu miwili. Kaniambia kama mkono hautaweza kukimbia ataliuza, aweke hela kwenye bodaboda.

Mmeelewa sasa kwa nini sikulala? Huyu ndiye mtu pekee kwenye ile video ambaye ningemkubalia apige msiba wa mama yangu. Na tumemwambia, mbele za watu, kwa maiki, kwamba kile kilichomsimamisha mama wa mihogo ndiyo kasoro yake. Akirekebisha hiyo kasoro tunabaki na nani? Wapanda ngazi wanne.

(6)

Majaji, najua mnasoma, mmoja wenu kanitumia kicheko. Msimu ujao fanyeni hivi. Kila kijana apige wimbo mmoja wa taratibu, ule ule kwa wote, nyuma ya muimbaji, na besi iwepo. Tusikie anafanya nini muimbaji anapovuta pumzi. Baada ya hapo apige sebene lake la haraka, akimbie anavyotaka, tutacheza. Na alama za sehemu ya kwanza zisiwe pungufu kuliko za pili. Gharama ya ziada ni mpiga besi mmoja na muimbaji mmoja, nitachangia nauli zao.

Aliyeandika "nesi ana wivu, mwanaye kashindwa": sina mtoto anayepiga gitaa. Wa kwangu anapiga sufuria, na kwa kweli yuko haraka sana.

Na wewe mdogo wangu, najua unapitia hapa kimyakimya. Bandeji usiifungue mpaka Ijumaa. Dawa unywe umekula. Ukija nitakushika tena hilo dole gumba, likikunjika bila kuuma tutaanza na dakika kumi, wimbo wa taratibu. Gitaa liache lining'inie ukutani, na mtu akija kuliulizia bei mwambie aje aniulize mimi.