Zawadi Inayokula Kila Siku

Leo twende jikoni, maana huko nako watu wanagombana.

Shoga yangu hapa Segera mumewe anafanya kazi Dar. Kamletea mashine ya kahawa, ile unayoweka kapsuli moja, unabonyeza, kikombe kimoja kinashuka. Majirani tukaenda kuonja. Tamu, sibishi! Boksi likaisha ndani ya wiki. Akazunguka maduka ya hapa njia panda: Africafe ya pakiti ndogo ipo, kahawa ya unga ipo, kapsuli hakuna. Kila boksi liagizwe Dar, lipande basi, na mzigo ulipiwe. Mume anauliza hela ya matumizi inakwenda wapi, mke anamjibu, "Iulize mashine yako." Wamenuniana mpaka leo.

Tusiwalaumu, tupige hesabu. Kapsuli ya kawaida ya Nespresso, kwa mfano, ina kahawa gramu 5 hivi. Kwa hiyo kilo moja ni kapsuli 200. Tuseme unauziwa moja kwa shilingi 1,500: kilo umeinunua kwa 300,000! Ndivyo biashara hiyo ilivyo tangu Nespresso ilipoanza mwaka 1986: mashine unanunua mara moja, kapsuli unanunua kila siku. Haki zake kuu za ubunifu zilipokwisha muda mwaka 2012, kampuni nyingi zaidi zikaingia kuuza kapsuli zinazofaa mashine hizo. Lakini angalia: kapsuli ya Dolce Gusto haiingii kwenye Nespresso, na hata Nespresso aina ya Vertuo ina kapsuli zake peke yake.

Kaka, kabla hujabeba zawadi hiyo, uliza dukani: inatumia kapsuli gani, na zinauzwa wapi? Kisha kaa na mwenzio mkubaliane mtakunywa ngapi kwa wiki na nani analipa. Na wewe dada, usinune. Mwambie bei ya kilo badala ya bei ya kikombe, ataelewa tu.

Mashine msiitupe. Kapsuli iwe ya Jumapili, mkiwa wawili. Siku nyingine chemsha arabika ya Lushoto, si mbali, unapita Korogwe na Mombo unapanda mlima. Birika linakubali kahawa ya duka lolote.

Zawadi nzuri ni ile ambayo hata hela ikikata, bado mnaifurahia. Tuonane mwezi ujao!