Mashine ya Kukatia Kingo za Nyasi na Adui Chumvi

Nyumba ya askari hutambulikana kabla mgeni hajabisha hodi: njia imefagiliwa, na nyasi za kando yake zimekatwa kwa mstari ulionyoka. Katika mji mdogo wa Kabatoro, wilayani Kasese, jambo hilo si pambo tu. Mji huo, ambao pamoja na jirani yake huitwa Katwe-Kabatoro, umo ndani ya eneo la Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Nyasi zikiachwa kuinamia njia na msingi wa nyumba, nyoka hupata maficho hatua chache tu kutoka mahali watoto wanapochezea. Basi mashine ndogo ya petroli ya kukatia kingo za nyasi, ambayo kisu chake husimama wima na kuchora mpaka kati ya njia na majani, ni chombo cha ulinzi wa nyumba kama zilivyo taa na kufuli.

Lakini Kabatoro chuma kina adui wake. Ziwa Katwe, lililo katika shimo la volkano ya kale, halina mto unaotoka. Maji huingia, jua huyakausha, na chumvi hubaki. Kwa vizazi vingi chumvi hiyo imezilisha jamaa nyingi, wake kwa waume, wanaoivuna kwa mikono yao. Chumvi hiyo hiyo hula chuma. Katika miaka ya 1970 ulianzishwa mradi wa kiwanda kikubwa cha chumvi kando ya ziwa. Kilifanya kazi kwa muda mfupi tu, kwani mabomba yake yaliliwa na maji yale yale yaliyotarajiwa kuleta faida. Ikiwa mabomba ya kiwanda yalishindwa, kisu cha mashine ya bustani kitasalimikaje bila matunzo?

Ni vema kufahamu kwamba mashine kama hiyo mara nyingi haifi kazini, bali hufa ikiwa imepumzika. Chumvi huvuta unyevu wa hewa. Vumbi lenye chumvi likishikamana na majani mabichi juu ya kisu, unyevu hukaa hapo usiku kucha, na kutu huanza kazi wakati mwenye mashine amelala. Kwa hiyo robo saa baada ya kazi ina thamani kuliko siku nzima kwa fundi.

Kwanza, injini izimwe, iachwe ipoe, na waya wa plagi uchomolewe. Amri hii haina msamaha, maana kisu kikizungushwa kwa mkono injini yaweza kushtuka na kuwaka, na vidole vikapotea.

Pili, majani yakwanguliwe kwa kijiti. Kisu na kinga yake vifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu, kamwe si maji ya ziwa, kisha vikaushwe na kupakwa oili kidogo. Injini yenyewe isimwagiwe maji. Mashine isiwekwe chumba kimoja na magunia ya chumvi, wala isilazwe juu ya udongo. Iwekwe juu ya ubao, mahali pakavu.

Tatu, chujio la hewa litazamwe. Lililo la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Lililo la karatasi hukung'utwa taratibu, likiziba, hubadilishwa. Injini inayovuta vumbi huchakaa ndani pasipo jicho kuona.

Nne, mafuta yafuate kitabu cha mashine. Injini ya mipigo miwili hutumia petroli iliyochanganywa na oili yake maalumu: nyingi za siku hizi huhitaji mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, na baadhi ya zile za zamani huhitaji mililita 40. Ikitiwa petroli tupu, injini itakwama kwa joto. Injini ya mipigo minne haichanganyiwi. Oili yake huwekwa mahali pake na kupimwa kabla ya kila kazi. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi huanza kuharibika na kuacha utandu katika kabureta. Basi mashine itakayopumzika kwa muda mrefu imwagwe petroli yote katika chombo salama, kisha iwashwe hadi izimike yenyewe.

Hapa akina mama na akina baba wakumbushane jambo moja. Petroli isihifadhiwe jikoni, wala isitiwe katika chupa ya soda, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha. Ikae katika dumu lake lenye alama na kifuniko, nje ya nyumba ya kulala, mbali na moto. Wala tangi lisijazwe injini ikiwa bado ya moto.

Tano, kisu kilichopinda au chenye ufa kisichomelewe, kitupwe na kubadilishwa. Kabla ya kazi mawe yaokotwe njiani, kwani kisu hurusha jiwe kwa nguvu. Mfanyakazi avae buti na miwani ya kukinga macho, na watoto wawe mbali, angalau mita 15.

Penye kituo au kambi, mashine moja hutumiwa na wengi, na chombo cha wote huelekea kuwa hakina mwenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari dogo lining'inizwe karibu na mashine: nani ameitumia, kwa saa ngapi, plagi imebadilishwa lini, kisu kimepakwa oili na nani. Kazi hiyo haichukui dakika mbili.

Askari huhamishwa. Leo yuko Kabatoro, kesho huenda yuko Bwera au mbali zaidi, na jamaa nyingine huingia katika nyumba aliyoiacha. Watoto wa jamaa hiyo nao watacheza kando ya njia ile ile. Mashine watakayoikuta, iwe nzima au iwe imeliwa na kutu, ndiyo itakayowaeleza aliyewatangulia alikuwa mtu wa namna gani.