Kuukuu Si Kuoza

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wahenga walituachia methali hii ili itukanye, nasi tumeigeuza kuwa kanuni ya kununulia vyombo. Kijana wa kisiwani mwenye akiba ndogo, akitaka chombo cha tanga cha kumtembeza baina ya Unguja na Pemba, au baina ya Lamu na Pate, huambiwa asubiri hadi aimudu boti ya faiba, kwani mashua kuukuu ni kununua maradhi. Kauli hiyo naipinga. Hutoka kwa watu wasiopambanua uzee na uozo.

Mashua haihukumiwi kwa rangi, kama shairi lisivyohukumiwa kwa hati. Rangi ni kazi ya siku moja, na muuzaji mjanja huijua siku hiyo. Tanga na kamba huchakaa, hubadilishwa. Mkuku na mataruma ndiyo vina na mizani ya chombo; yakiharibika hayo, hapana utungo tena. Basi mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mnunuzi angoje bamvua, maji yakipwa chombo kikae mchangani, akigonge tangu omo hadi tezi: mbao nzima hulia, iliyooza hunyamaza. Atie ncha ya kisu penye misumari, maana chuma kikishika kutu huila mbao iliyo kando yake. Ashuke ngamani atazame yalikotuama maji ya mvua, kwani maji matamu huozesha mbao kuliko ya chumvi. Chombo kilichokaa juani kikivuja siku za mwanzo si ajabu, mbao hazijavimba. Cha kuogopwa ni kile kivujacho baada ya kuvimba. Wala asitamani jahazi: foromali yake yataka mikono mingi, na mikono hiyo yataka kula. Mashua ya watu wawili au watatu yamtosha.

Wataniambia faiba haitaki kalafati wala deheni. Kweli. Lakini ujira wa kalafati hulipwa Nungwi au Matondoni, kwa fundi ambaye mwanawe yu kando yake anatazama. Tukimnyima fundi kazi, mtoto atatazama nini? Au twadhani makumbusho yatatutosha? Tuliuweka mtepe ndani ya Beit al-Ajaib tukajiona tumehifadhi. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba lenyewe ikaporomoka. Ufundi hauhifadhiwi na kuta. Huhifadhiwa na kazi.

Nanyi washairi wetu, mnaoimba tanga, joshi na demani, jueni kwamba maneno hayo hayaishi diwanini peke yake. Mashua iachwayo ioze mchangani huondoka na majina ya viungo vyake, na mjukuu atakayeyakuta katika beti zenu atahitaji kamusi. Mwenye uwezo wa kununua na anunue. Asiye nao, angalau asimcheke anunuaye.