Msanifu majengo amebisha hodi kwa nyanya



Ijumaa iliyopita baada ya swala kijana mmoja alinivuta kando akanionyesha karatasi kwenye simu. Imechapwa vizuri, ina nembo juu, chini nafasi mbili za saini. Ni makubaliano kati ya nyanya yake, mjane wa miaka 70 na ushei anayekaa Burumba, na msanifu majengo mmoja aliyetoka Nairobi. Bwana huyu anataka kununua nyumba na ploti nzima aigeuze iwe ya kukodisha kwa siku, hizi mnaita BnB. Amekuja mwenyewe. Amepima vyumba na kile kifaa cha mwanga mwekundu, kisha akatoa tableti akamwonyesha mama mzee picha ya nyumba yake mwenyewe ikiwa imepakwa rangi nyeupe, ina bustani, ina taa za ukutani. "Hakuna broka hapa, mama. Ni mimi na wewe tu. Kamisheni hulipi hata shilingi." Nyanya akafurahi, mpaka chapati akampikia.

Kijana aliniuliza kitu kimoja: ati, hii bei ni poa?

Nikamwuliza mimi, hatimiliki ina jina la nani? Akanyamaza kidogo. Ya babu. Babu alifariki lini? 2011. Mirathi ilifanywa? Hapana, "sisi hatuna ugomvi nyumbani".

Sasa hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Nyanya haumiliki huo mlango anaoufungua. Babu ameacha watoto, kwa hiyo fungu la mjane katika mirathi yetu ni thumni, moja ya nane. Saba ya nane ni ya watoto, mtoto wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja, wakiwemo wale mashangazi watatu walioolewa Eldoret na Mumias ambao hakuna aliyewapigia simu. Na sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, inasema mali isiyohamishika ya marehemu haiuzwi kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa na mahakama. Kifungu cha 45 kinamfanya anayejiingiza kwenye mali ya marehemu bila idhini kuwa mkosaji: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nyanya aliyepika chapati kwa nia safi ndiye atakayeitwa huko, na mwenye tableti hatakuwa karibu naye.

Najua wengine mmeshaanza kuandika: ndugu, mnapinga maendeleo. Hapana. Kuwekeza si haramu, na msanifu majengo ana haki ya kununua ploti kama mtu mwingine yeyote. Hata kwenda kwa mwenye nyumba moja kwa moja si dhambi. Broka wa hapa kwetu tunamjua, anaongeza juu huku na kupunguza kule, wote mnatoka mmeibiwa. Kumkwepa broka ni faida ya kweli. Shida yangu ni ile faida kuimbiwa mtu mmoja na kuliwa na mwingine.

Msanifu si mnunuzi wa kawaida. Wewe ukipita Burumba unaona nyumba ya mabati iliyochakaa. Yeye anaona kona inayofikika na gari pande mbili, anaona msingi bado ni mzima, anajua vyumba vingapi vya kujitegemea vinaingia bila kubomoa. Anajua pia mpaka huu umebadilika. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe rasmi Busia, Februari 2018, na marais wote wawili wakiwepo, wafanyabiashara, maafisa, watu wa mashirika na madereva wanalala huku kila usiku wa Mungu.

Hebu tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme vyumba vinne, 2,500 kwa usiku, vikipata wageni usiku 15 kwa mwezi. Hiyo ni 150,000 kwa mwezi kabla ya stima, maji, usafi na ukarabati. Kwa mwaka ni 1,800,000. Sasa kama nyanya ameahidiwa milioni tatu kwa kila kitu, nyumba itaingiza kiasi hicho kwa miezi 20. Inawezekana gharama ziongeze hiyo miezi mara mbili, sawa. Lakini hesabu hii msanifu aliifanya kabla hajabisha hodi. Nyanya hakuifanya, na hakuna aliyemfanyia.

Na kuna jambo la kofia. Mtu akija na tepu na michoro akisema "mimi ni mtaalamu, nyumba yako ina ufa, paa hili halimalizi miaka miwili," mama mzee anamsikia kama anavyomsikia daktari. Dakika kumi baadaye mtaalamu huyo huyo anataja bei. Ule ufa umeshateremsha bei, na aliyeutaja ndiye atakayenufaika. Huwezi kuwa mshauri wangu na mnunuzi wangu kwenye kiti kimoja. Vua moja, na useme waziwazi ipi umebaki nayo. Tena hakikisha kwanza kama hata ni msanifu. Chini ya Sura ya 525 kuna bodi inayosajili wasanifu majengo na wakadiriaji, na kujiita msanifu bila kusajiliwa ni kosa. Jina lake liulizwe huko.

Sisi watu wa mpakani hatuna sababu ya kudanganyika na hili. Nani hapa hajawaona wale jamaa wanaotembea kwenye foleni ya malori Malaba, wanamdaka mkulima au mchuuzi wa mahindi kabla hajavuka, wanamwambia soko limeanguka, uza hapa hapa? Akiuza, anafika mjini anakuta bei ni nyingine. Mtume (SAW) alilikataza jambo hili karne 14 zilizopita: kutoka nje ya mji kuulaki msafara na kununua mali kabla mwenyewe hajafika sokoni. Limepokewa na Bukhari na Muslim, na kwa Muslim imo pia hiari ya mwenye mali kuivunja biashara akishafika sokoni na kuijua bei. Wanazuoni wanalijadili kwenye ngano na mifugo. Mimi nauliza, nyanya aliyekaa barazani Burumba, ambaye hajawahi kusikia bei ya ploti ya jirani, amefika sokoni lini?

Kwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba maana yake ni hiyo wakati mwingine. Soko limeondolewa katikati, akabaki anayejua na asiyejua.

Twende Busibwabo kidogo, na Matayos kwa jumla, kwa sababu huko mambo ni tofauti na mjini. Huko ardhi nyingi bado ni ya kilimo. Kuuza ardhi ya kilimo kunahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Bila kibali mkataba ni batili. Watu wengi wanaishia hapo wakidhani wamepona: batili, basi shamba limerudi. Soma mbele. Pesa iliyolipwa chini ya mkataba batili mnunuzi anaweza kuidai kama deni. Ile laki mbili ya kwanza imeshalipa karo na imeshajenga choo. Sasa mzee anadaiwa, na njia ya kulipa anayoonyeshwa ni kuuza, kwa mtu yule yule, kwa bei ya mwenye haraka.

Na ile "hulipi hata shilingi" si kweli. Kamisheni sawa, hulipi. Lakini kodi ya faida ya mauzo ya mali iko juu ya muuzaji, na tangu Januari 2023 ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 ya faida. Ushuru wa stempu ndio wa mnunuzi. Kuna aliyemwambia nyanya?

Sasa tugeuke, kwa sababu nimesema ya watu wa Nairobi vya kutosha. Msanifu alijuaje kuna mjane Burumba mwenye ploti ya kona? Aliletwa. Na aliyemleta ni mmoja wetu, mwenye simu nzuri, mwenye diploma, anayeswali nasi safu moja. Anaitwa "mwenyeji". Anapewa elfu ishirini ya mafuta, anaahidiwa usimamizi wa BnB ikifunguliwa. Kijana huyu wa karatasi, wallahi, ilimchukua dakika nyingi kuniambia kwamba mwenyeji ni yeye. Alikuwa amepokea tayari. Sikumtukana. Kazi hakuna, nalijua hilo kuliko wengi. Lakini tusijidanganye kwamba tunampigania mtu haki zake barabarani na mabango huku tunamuuza barazani kwake.

Wengine mtasema suala kubwa ni ulevi na zinaa kwenye hizo nyumba. Lipo, na usalama pia upo. Baada ya mauaji ya wasichana katika nyumba za kukodi Nairobi Januari 2024 serikali ilianza kubana wenye BnB wasajiliwe na mamlaka ya utalii. Leo sizungumzii mgeni anafanya nini chumbani. Nazungumzia nani aliyekuwa na chumba.

Tazama Shela, pale kando ya mji wa kale wa Lamu. Nyumba nyingi za mawe zilinunuliwa na wageni, zikakarabatiwa kwa ufundi ambao lazima niusifu, na leo zinakodishwa kwa watalii. Mjukuu wa aliyeuza, akipata bahati, anaingia humo kama mpishi au mlinzi. Barcelona, mji tajiri huko Hispania, meya alitangaza Juni 2024 kwamba leseni za nyumba zote 10,101 za kukodisha watalii hazitaongezwa muda, ziishe ifikapo Novemba 2028, maana wenyeji wamekosa pa kukaa. Busia haijafika huko, na ndiyo maana sasa ndio wakati wa kuongea. Ploti bado zina majina yetu, hata kama ni ya marehemu.

Mirathi ikamilike kwanza, Mahakama ya Kadhi ipo kwa kazi hiyo. Mthamini aliyesajiliwa alipwe na familia, asiletwe na mnunuzi. Halafu msanifu aambiwe kuna njia nyingine zaidi ya kuuza: akodishe yeye kutoka kwenu kwa miaka 10 au 15, akarabati kwa pesa yake, alipe kodi kila mwezi, na ardhi ibaki. Ama aingie ubia, mchoro wake na ploti yenu, mapato yagawanywe kwa maandishi. Akikataa zote, akitaka saini ya nyanya peke yake, leo, kabla mashangazi hawajafika, basi ameshawaambia alichokuja kutafuta.

Yule kijana alirudisha elfu ishirini kwa M-Pesa Jumatatu. Shangazi wa Eldoret amepigiwa, akalia kwenye simu, sijui ni kwa hasira au kwa kukumbukwa. Msanifu ameshapiga mara tatu kuuliza saini ni lini. Ameambiwa familia inakutana Jumapili baada ya adhuhuri, akitaka kuja aje, kiti kipo.