Yafaa Kuuliza Kabla ya Kukata



Mlango wa chumba cha kupasulia ukisha kufungwa, jamaa ya mgonjwa hubaki nje ikingoja. Haioni kitu. Imemkabidhi mtu wake kwa waganga, nayo hutumaini elimu yao. Ni haki kuitumaini. Lakini je, mwenye elimu hakosei?

Hukosea. Mwaka 2018, katika hospitali kubwa moja ya Nairobi, walikuwako wagonjwa wawili wa kichwa. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda ndani ya fuvu, hakuwa na budi kupasuliwa. Mwenzake alikuwa na uvimbe tu, wala hakuhitaji kisu. Vibandiko vya majina yao vikachanganyika. Waganga wakafungua kichwa cha yule wa pili, wakaitafuta ile damu, wasiione. Ndipo walipotambua ya kuwa huyu siye.

Waganga wale hawakuwa wajinga. Kosa la namna hii huwapata hata mafundi, kwa sababu mkono uliozoea kazi hutangulia, na jicho halitazami tena. Na watu wakiwa wengi chumbani, kila mmoja hudhani mwenzake amekwisha kuhakikisha jina.

Marubani walilijua jambo hili zamani. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Marekani, ndege mpya ya Boeing iliruka ikaanguka mara moja. Marubani wake, watu hodari, walikuwa wamesahau kuondoa kifungio kilichozuia mkia wa ndege usigeuke. Rubani mkuu akafa. Baadaye marubani wakaandikiwa orodha fupi ya mambo ya kuhakikisha kabla ya kuruka.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani likawapa wapasuaji orodha ya namna hiyo, yenye mambo 19. Husomwa kwa sauti, mara tatu:

Kwanza, kabla ya dawa ya usingizi. Jina lake nani? Anapasuliwa nini, na upande gani? Je, alama imetiwa juu ya ngozi? Kuna dawa inayomdhuru?

Pili, kabla ya kukata. Wote waliomo hutaja majina na kazi zao, kisha husema pamoja jina la mgonjwa na mahali pa kukata. Tena huuliza kama amepewa dawa ya kuzuia usaha katika dakika 60 zilizopita.

Tatu, kabla mgonjwa hajatoka. Wauguzi huhesabu vyombo, sindano na vitambaa, kisije kimoja kikasahauliwa tumboni.

Je, maswali haya machache yafaa kitu? Yalijaribiwa katika hospitali 8 za miji 8, tangu Oktoba 2007 mpaka Septemba 2008. Mojawapo ilikuwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, Tanzania. Nyingine zilikuwa London, Toronto, Manila na kwingineko. Kabla ya orodha, katika kila wagonjwa 1,000 walikufa 15. Baada yake, walikufa 8.

Lakini karatasi peke yake haiponyi. Pengine alama zote hutiwa baada ya kazi, wala hakuna aliyeuliza: hiyo ni kazi bure. Pengine mwuguzi kijana huliona kosa, akanyamaza kwa kumwogopa mkubwa wake. Heshima ya namna hiyo yaweza kuua. Ninyi wanafunzi mtakaokuwa wauguzi kesho, jifunzeni kusema kwa adabu, «Bwana mganga, tungoje kwanza.» Naye mganga mwenye busara atashukuru.

Nanyi wazazi mna sehemu yenu. Mkiulizwa jina la mtoto na watu watatu, mmoja baada ya mwingine, msikasirike wala msidhani hawajui kazi: wanamlinda. Msiitike «ndiyo» kwa jina msilolisikia vizuri; litajeni ninyi wenyewe, lote. Onyesheni kwa kidole mguu ulio mgonjwa, au jicho lenyewe. Semeni dawa zote alizokunywa, hata zile za miti. Na kama hamkuona alama penye kupasuliwa, ulizeni kabla mlango haujafungwa.

Kuuliza si ujinga. Mgonjwa akisha kupewa dawa ya usingizi, hawezi tena kujisemea. Basi, na asemewe mapema.