Roboti katika Utengamao wa Wagonjwa wa Kiharusi: Mashine Haitoshi Bila Mtaalamu

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka wodini, maisha yake yameokolewa, lakini mara nyingi hurudi nyumbani akiwa na mkono usioweza kushika kijiko au mguu usiobeba mwili. Hapo ndipo huduma za utengamao huhitajika zaidi, na ndipo matumaini mengi yameelekezwa kwa roboti za mazoezi tiba.

Kanuni ya mashine hizo ni kurudia. Ubongo ulioathirika unaweza kujifunza upya endapo kitendo kilekile kitafanywa mara nyingi. Roboti hushikilia kiungo cha mgonjwa, hukisaidia kinapokwama na kurudia zoezi bila kuchoka.

Hata hivyo, ushahidi unahitaji kusomwa kwa makini. Utafiti wa RATULS uliofanyika Uingereza na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019 uliwahusisha wagonjwa 770 wenye udhaifu wa mkono. Kundi moja lilitumia roboti, la pili lilipewa mazoezi ya ziada na watoa tiba, na la tatu lilibaki na huduma za kawaida. Makundi mawili ya kwanza yalifanya mazoezi kwa dakika 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Baada ya miezi mitatu, waliofikia kiwango cha mafanikio kilichowekwa walikuwa asilimia 44 kwa roboti, 50 kwa mazoezi ya watoa tiba na 42 kwa huduma za kawaida. Kitakwimu, tofauti hizo hazikutosha kuthibitisha kuwa njia moja ilizidi nyingine. Gharama ya roboti nayo haikuonekana kuendana na manufaa yake.

Kwa upande wa kutembea, matokeo yanatia moyo zaidi. Mapitio ya tafiti yanaonesha kuwa mashine zikiunganishwa na fiziotherapia huongeza uwezekano wa mgonjwa kutembea bila msaada, hasa kwa wasioweza kutembea na walio ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Neno la msingi hapo ni "zikiunganishwa".

Suala hili linaigusa Tanzania moja kwa moja. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulibaini kuwa kiwango cha kiharusi jijini Dar es Salaam, kikilinganishwa kwa umri, kilizidi kile cha nchi nyingi tajiri. Wakati huohuo, Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa maeneo mengi ya nchi za kipato cha chini na cha kati yana wataalamu wa utengamao wasiofikia 10 kwa kila watu milioni moja.

Kwa hiyo, mwananchi anaposikia kuwa mashine mpya imenunuliwa, ana haki ya kuuliza maswali matatu: nani ataiendesha, mgonjwa ataifikia mara ngapi kwa wiki, na nani atasimamia mazoezi atakaporejea nyumbani. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua kama mkono ule utashika tena kijiko.